Pikapu Ilipoanza Kutazama Juu: Safari ya Wyoming na Tela la Braza

Wiki hii sikupeleki Coco Beach wala Bagamoyo. Nakupeleka mbali, Marekani, jimbo la Wyoming, mahali ambapo upepo unakupora kofia mchana kweupe na huna wa kumpigia kelele za mwizi. Nilikwenda kumsalimia braza wangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Aurora, pembeni ya Denver, Colorado. Nilitegemea kula nyama choma na kupiga picha za kuwarusha roho washikaji. Kumbe nilikuwa naitwa kwenye kesi ya vyuma.

Braza ana pikapu, Ford F-150 ya milango minne, aliyoinunua mkononi kwa mtu. Mwaka huo alikuwa amenunua na tela la kulala, lile ambalo wenzetu wanalivuta wakienda likizo. Ndani lina vitanda, jiko, friji, choo na bafu. Urefu futi 24. Nilipoliona nikasema moyoni, hiki ni chumba na sebule cha Sinza, tofauti ni kwamba kina magurudumu na mwenye nyumba hagongi mlango.

Safari ilikuwa ya mwezi Juni, kwenda hifadhi ya Grand Teton, kilometa kama 770 kutoka Denver. Tulikuwa watano: Braza, shemeji, watoto wao wawili, na mimi mgeni wa heshima niliyepewa kazi ya kubeba kuni.

Tukiwa tunafunga mizigo, jirani yao, mzee mmoja wa Kizungu mwenye kaptura na soksi ndefu, akaja akasimama, akaangalia pale tela linapoungana na gari. Akauliza swali moja tu: vile vyuma vya kugawa uzito viko wapi?

Braza akacheka. Akamwambia, mzee wangu, gari hili linavuta tani nyingi kuliko hizi. Mzee akainua mabega, akarudi kwake kumwagilia maua. Shemeji, ambaye masikio yake hayapitwi na kitu, akauliza hivyo vyuma ni kiasi gani. Braza akajibu kama dola mia sita. Akaongeza, "Mia sita kwa vyuma viwili? Bora niwanunulie watoto baiskeli." Kesi ikafungwa hapohapo bila shahidi kusikilizwa.

Tuliondoka jioni, Braza alipotoka zamu. Barabara ya kwanza ni ile kubwa ya kwenda kaskazini, haina neno. Ukifika Fort Collins unaishika barabara ya 287, inayopanda kwenye miamba myekundu na nyika za ng'ombe kuelekea Laramie. Sehemu kubwa ni njia moja kwenda na moja kurudi, malori yanakuja usoni, na kilima kinapokwisha upepo unakusubiri kama mgambo.

Dalili ya kwanza ilikuwa taa. Giza lilipoanza kuingia, kila gari lililokuja mbele yetu lilitupigia fulu. Braza akakasirika, "Hawa vipi? Sijawasha fulu mimi!" Kweli hakuwa amewasha. Ila pua ya pikapu ilikuwa imeinuka, taa za kawaida zikawa zinawamulika watu machoni.

Dalili ya pili ilitukuta karibu na Virginia Dale, kijiji ambacho ukipiga chafya umeshakipita. Tulivuka daraja dogo lenye tuta. Mbele ya gari ikainuka, ikakawia kushuka, ikawa kama tunaelea. Hapohapo lori likatupita usoni, upepo wake ukalisukuma tela pembeni, tela likalivuta gari mkia. Braza akakata usukani kidogo. Gari halikujibu. Akakata tena, likajibu likiwa limechelewa, sasa limezidisha. Tukapelekwa kulia, tukarudi kushoto, mara mbili, tatu, ndipo likatulia.

Hakuna aliyepiga kelele. Mtoto mdogo tu ndiye aliyeuliza, "Baba, mbona gari linacheza?" Shemeji alikuwa anaongea tangu Denver habari za harusi ya Tabata, akanyamaza kabisa. Kwa sisi tunaomjua shemeji, huo ukimya ulitutisha kuliko lile lori.

Tuliingia Laramie mwendo wa harusi, tukaegesha kwenye uwanja wa matela. Shemeji aliwalaza watoto, akatoka nje, akasema kwa sauti ya chini: "Baba watoto, kesho mimi na wanangu hatupandi hilo gari likiwa hivyo. Hapa kuna basi. Wewe na shem endeleeni na ubishi wenu."

Usiku ule nilikaa na Braza nje, kwenye baridi (Laramie iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, Juni yao ni Julai ya Njombe). Alikuwa ameumia. Mtu umekaa majuu miaka kumi na tano, umefanya kazi za usiku, umenunua gari na nyumba ya kuvuta, halafu familia inakuambia itapanda basi. Akawa anarudia neno lake, "Lakini gari lina nguvu, bwana mdogo. Injini haikuhema hata pale kwenye kilima."

Hapo ndipo nilipomkumbusha baiskeli ya mkaa. Msomaji, wewe unaijua. Jamaa anatoka Kisarawe na magunia mawili nyuma ya kiti. Miguu ina nguvu, mnyororo mzima, breki zipo. Lakini akifika kwenye mwinuko, tairi la mbele linanyanyuka, usukani unabaki wa mapambo. Tatizo si nguvu za jamaa. Mzigo umekaa nyuma ya tairi la nyuma, umegeuka wenzo, unalinyanyua la mbele.

Tela nalo ndivyo. Ule mkono wake wa mbele, ambao wenyewe wanauita ulimi, unalala juu ya gololi kubwa ya chuma iliyo nyuma ya bampa. Kwa tela la kulala, ulimi unatakiwa ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Ukibeba pungufu, tela linapenda kuyumba. Ukibeba sawasawa, mzigo huo unakandamiza mkia wa pikapu, nyuma ya ekseli, na ekseli ya mbele inapunguziwa uzito. Na matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki. Injini inaweza kuwa na nguvu za tembo, haisaidii kitu.

Braza akanyamaza. Kisha akasema, "Sawa. Lakini nani kasema kwamba langu limezidi?" Swali zuri. Macho hayapimi kilo.

Asubuhi nilianza na kitu cha bure. Nilikuwa nimeona kistika chini ya bampa, pale gololi inapochomekwa, kimejaa matope ya miaka ya yule mwenye gari wa kwanza. Nikachukua leso, nikafuta. Kiliandikwa wazi: bila vyuma vya kugawa uzito, mwisho tela la pauni 5,000, na ulimi usizidi pauni 500. Kwa kilo zetu ni 2,268 na 227. Zaidi ya hapo, funga vyuma. Jibu la mzee wa soksi ndefu lilikuwa hapo siku zote, Braza alikuwa analipita kila akifungua mlango wa nyuma.

Stika ya pili ipo kwenye mlango wa dereva, ya njano. Hiyo inasema watu na mizigo visizidi kilo ngapi. Ya kwetu ilisema 708. Wengi wanasahau kwamba uzito wa ulimi wa tela nao unahesabiwa humo, pamoja na shemeji, watoto na pilau.

Basi tukaenda kwenye mizani. Marekani, vituo vikubwa vya malori vina mizani ambayo hata mwenye gari dogo anapima. Kampuni ya CAT Scale inafanya biashara hiyo tangu 1977. Unapanda juu ya majukwaa matatu: matairi ya mbele jukwaa la kwanza, ya nyuma la pili, ya tela la tatu. Unabonyeza kitufe, unaongea na mtu wa ndani, unachukua karatasi yako. Bei ni dola kumi na kitu. Tukapima mara mbili: pikapu peke yake na watu wake wote na mizigo, halafu pikapu na tela.

Nitakupa hesabu kwa kilo, nimezizungushia kidogo. Pikapu peke yake: mbele 1,400, nyuma 1,220. Pamoja na tela: mbele 1,240, nyuma 1,730, matairi ya tela 2,330. Kwa hiyo ulimi ulikuwa unaweka kilo 350 mgongoni mwa pikapu, na tela zima lilikuwa na kilo 2,680. Tumezidi kwenye stika ya bampa, kote kuwili.

Lakini angalia vizuri, hapa ndipo Braza alipovua kofia. Ulimi ni kilo 350, na ekseli ya nyuma imeongezeka 510. Hizo 160 zaidi zimetoka wapi? Zimetoka mbele! Mkia umekandamizwa, pua imenyanyuliwa, na uzito uliotoka puani umehamia nyuma. Matairi ya kukatia kona yalikuwa yameibiwa kilo 160, uzito wa watu wawili wanene. Ndiyo maana tulielea pale darajani.

Na kesi ilikuwa na sehemu ya pili. Jumlisha ulimi 350, sisi watano 300, mizigo ya nyuma 120: ni 770. Stika ya njano ilisema 708. Tumezidisha.

Wakati tunabishana juu ya karatasi hizo, kijana mmoja aliyekuwa anajaza mafuta akatugeukia. "Aisee, hiyo ni Kiswahili naskia?" Mkenya, anasoma Chuo Kikuu cha Wyoming, kilicho hapohapo Laramie. Alifurahi mpaka akakosa la kusema. Shemeji akampakulia pilau hapohapo kituoni. Akatuelekeza kwenye duka la vifaa vya matela.

Fundi wa duka lile alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imejaa grisi, maneno machache. Braza akajaribu turufu yake ya mwisho: je, akiongeza springi za nyuma, mkia si utainuka? Mama akamwambia mkia utainuka, ndiyo, na gari litapendeza, lakini kilo za mbele hazitarudi. Ni sawa na mwenye baiskeli ya mkaa kujaza upepo tairi la nyuma.

Vyuma vyenyewe nilivyoviona havina maajabu. Ni kichwa cha chuma kizito kinachoshika ile gololi, kutoka humo zinatoka fito mbili za springi, moja kila upande, zinalala chini ya fremu ya tela na kuvutwa juu kwa minyororo. Zikikazwa, zinakuwa kama mikono miwili iliyoshika mkokoteni na kuinyanyua mikono yake: mkia wa gari unapunguziwa, sehemu ya uzito inasukumwa mbele kwenye usukani, nyingine nyuma kwenye matairi ya tela.

Kipimo chake ni futi kamba. Mama alipima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, tela likiwa halijafungwa. Akalifunga bila fito, akapima: imepanda sentimeta 3. Akakaza fito mpaka ikashuka nusu, sentimeta moja na nusu, akaacha. Braza akamwomba akaze zaidi, si amelipa? Akakataa. Kitabu cha gari lile kinataka nusu. Magari mengine yana maelekezo yao, na yapo ambayo vitabu vyake vinakataza kabisa fito hizi. Ukikaza kupita kiasi unaipunguzia ekseli ya nyuma mzigo wake, gari linaanza kuteleza nyuma.

Akatuonya jambo jingine, akiwa anafuta mikono: vyuma hivi haviongezi uwezo wa gari. Stika ya mlangoni inabaki vilevile, tena kichwa na fito zenyewe zina kilo kama 40, zinaingia kwenye hesabu.

Tukashusha mizigo. Kuni tukawagawia watu wa kambini. Maboksi ya maji na soda tukamwachia Mkenya, akashukuru. Jenereta ndiyo ilileta kikao. Braza aliipenda kuliko simu yake. Shemeji akasema iachwe kwa huyohuyo kijana mpaka tutakaporudi. Braza akamnong'oneza, tunamjua toka saa nne asubuhi tu! Shemeji akajibu, "Akitokomea nayo, tutasema ni sadaka. Mimi nataka kufika." Jenereta ikabaki Laramie.

Tukarudi kwenye mizani mara ya tatu. Mbele 1,310. Nyuma 1,530. Tela 2,380. Shemeji alichukua karatasi ile, akaikunja, akaiweka kwenye pochi pamoja na pasipoti za watoto. Akafungua mlango, akapanda. Hakuna aliyetaja basi tena.

Sasa upepo. Kutoka Laramie kwenda Rawlins ni kilometa kama 160 za barabara kuu ya I-80, na zina sifa mbaya kote kule. Zinapita chini ya Mlima Elk, uwanda mtupu, hakuna mti wa kukukinga. Barabara ya zamani ilizunguka kaskazini kupitia Medicine Bow, na wenyeji waliwaambia wahandisi waifuate hiyohiyo, huku kwa upepo na theluji hakufai. Hawakusikilizwa. Kipande hicho kilifunguliwa Oktoba 1970, na siku chache tu baadaye theluji ikakifunga. Mpaka leo upepo ukizidi, mabango ya umeme yanawaka kuzuia magari marefu mepesi, na matela ya kulala ni miongoni mwao. Siku yetu mabango yalikuwa kimya, lakini upepo ulikuwepo, unapiga ubavuni bila kupumzika.

Nilikaa mbele, macho kwenye mikono ya Braza. Malori yalitupita. Tela lilisukumwa, na gari likasukumwa nalo, mara moja, likarudi. Hatukuelea. Akikata usukani gari linajibu papo hapo. Sidanganyi kwamba ikawa raha kama Mercedes ya waziri. Tulikwenda kilometa 90 kwa saa na kusimama kila mikono ilipochoka, kwa sababu upepo ni upepo na fito za kugawa uzito hazikutengenezwa kuuzuia. Yapo matela yanayofungiwa kizuia-kuyumba chake mbali. Ila tofauti na jana ilikuwa usiku na mchana. Nilijua hivyo Mlima Elk ulipobaki nyuma na shemeji akaanza tena habari za harusi ya Tabata, pale alipoishia.

Baada ya Rawlins unaiacha I-80, unarudi kwenye 287 kaskazini. Hapo Wyoming inakuwa tamu. Swala wa kule wanakimbia na uzio. Ukipita Muddy Gap unaikuta Jeffrey City, mji uliojengwa kwa ajili ya urani. Biashara ilipoanguka miaka ya 1980 watu wakahama, nyumba zikabaki zinaangaliana. Watoto waliuliza watu wako wapi. Braza akawaambia wamekwenda kutafuta kazi, kama baba. Hakuna aliyecheka, tukapita.

Kisha Lander, kisha ardhi ya Wind River ya watu wa Eastern Shoshone na Northern Arapaho, kisha Dubois yenye milima ya mistari myekundu na meupe kama kitambaa. Halafu unapanda Togwotee, zaidi ya mita 2,900, theluji ya Juni bado ipo pembeni ya barabara. Watoto waliomba tusimame waishike. Kutoka pale ni kushuka, na katika kona moja miti inaachana, milima ya Teton inasimama mbele yako yote kwa mara moja, mikali kama meno ya msumeno. Nilikuwa na kamera mkononi, nikasahau kupiga.

Braza alishuka mteremko ule kwa gia ndogo, mkono mmoja wa heshima juu ya usukani, anapiga mluzi.

Kesho yake alfajiri nilitoka nje ya tela kutafuta jua, nikasikia mtu anaguna upande wa pili wa kambi. Nikachungulia. Braza alikuwa ameinama nyuma ya pikapu ya mtu tusiyemjua, leso mkononi, anafuta matope chini ya bampa, na mwenye gari amesimama na kikombe cha kahawa, anashangaa. Nikataka kumwita. Shemeji akanishika mkono, akasema tumwache kwanza, chai ataikuta.